Vifuniko vya matundu ya friji kwenye gari la kulalia: vifungwe Njombe, viondolewe kabla ya Unguja

Vifuniko vya matundu ya friji ya gari la kulalia, yaani gari la safari lenye kitanda, jiko na friji ndani yake, ni vipande viwili vya plastiki ambavyo watu wengi wa Unguja hawajapata kuviona, na wachache waliowahi kuviona wamevikuta vimetupwa ndani ya kabati la gari lililoletwa kutoka Uingereza, bila ya maelezo yoyote ya kazi yake. Nimevitumia vya kwangu kwa misimu kadhaa ya kipupwe, katika safari za kutoka hapa kwenda Iringa, Njombe na Makete, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wanaomiliki au kukodisha magari ya namna hiyo. Nimeona vikitumiwa ovyo pande zote mbili: bara kwenye baridi watu hawavifungi, na huku kwetu kwenye joto watu wanavisahau vikiwa vimefungwa. Rai yangu ni kwamba kwa mwenye friji ya gesi anayepanda nyanda za juu kusini kati ya Juni na Agosti, vifuniko hivi vina thamani kubwa kuliko bei yake. Na kwa mtu huyo huyo, akirudi navyo Unguja bila ya kuvitoa, vitamharibia chakula na pengine kumharibia friji.

Kwanza mtu ahakikishe kwamba friji yake ni ya aina inayohusika. Magari mengi ya kulalia yanayotoka Japani yamewekewa friji ya kompresa inayotumia umeme wa betri, na friji hiyo kwa kawaida haina matundu makubwa ya hewa ubavuni mwa gari, kwa hiyo vifuniko hivi havina kazi kwake. Yanayotoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya mara nyingi yana friji inayokubali njia tatu: gesi ya mtungi, umeme wa nyumbani wa volti 230, na umeme wa gari wa volti 12. Ukisimama nje ya gari la namna hiyo, upande ilipo friji, utaona vimia viwili vya plastiki vyenye mianya ya kulala, kimoja chini karibu na usawa wa sakafu ya gari na kingine juu yake. Hayo ndiyo matundu yenyewe. Watengenezaji wanaojulikana zaidi wa friji hizi ni Dometic na Thetford, na kila mmoja huuza vifuniko vilivyokatwa kwa vipimo vya vimia vyake. Cha mmoja hakikai kwa mwingine, hata kama kwa macho vinaonekana sawa.

Ili kuelewa kwa nini kipande cha plastiki kinaweza kuleta tofauti kubwa hivyo, lazima kwanza tuiangalie friji yenyewe. Haina mota wala kompresa. Ndani ya mabomba yake mna maji, amonia na hidrojeni, vilivyofungiwa humo tangu kiwandani. Kichomeo cha gesi, au waya wa umeme unaopata joto, hupasha mchanganyiko wa maji na amonia; amonia hutoka ikiwa mvuke, hupanda hadi kwenye mapezi ya kupozea yaliyo nyuma ya friji, hupoa na kuwa kioevu, kisha hushuka hadi sehemu ya barafu, ambako hukutana na hidrojeni, hugeuka tena kuwa mvuke na kuondoka na joto la vyakula. Baada ya hapo hunywewa tena na maji, na mzunguko ukaanza upya. Mtambo huu ulibuniwa mwaka 1922 mjini Stockholm na wanafunzi wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, na kampuni ya Electrolux ikaanza kuuza friji zake mwaka 1925. Ni mtambo ule ule wa friji za mafuta ya taa zilizokuwa zikitunza chanjo katika vituo vya afya visivyo na umeme katika nchi nyingi za Afrika.

Sisi wa Unguja hatuhitaji kuelezwa sana faida ya friji isiyotegemea nyaya. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa takriban mwezi mmoja bila ya umeme, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa gizani tena, mara zote mbili kwa hitilafu katika njia ya umeme unaotoka bara. Aliyekuwa na friji ya gesi siku hizo alikuwa na samaki wa kula na maji baridi ya kunywa. Mimi tangu wakati ule nimekuwa nikizipenda friji hizi, na huenda upendo huo unaonekana katika maandishi haya.

Sasa, joto lote linalotolewa kwenye vyakula, pamoja na joto la kichomeo, lazima litoke nje ya gari. Njia yake ni hayo matundu mawili. Hewa ya nje huingia kwa tundu la chini, hupita kwenye mabomba na mapezi, hupata joto, hupanda na kutokea tundu la juu. Hakuna kinachoisukuma isipokuwa joto lenyewe. Ukiweka kiganja mbele ya tundu la juu friji ikiwa inafanya kazi sawasawa, utahisi pumzi ya vuguvugu ikitoka bila ya kukatika. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachokitumia, kabla hata ya kufungua mlango na kutazama kipimajoto.

Katika hali ya hewa ya kwetu, pumzi hiyo ndiyo uhai wa friji. Unguja hata katika kipupwe, usiku wa manane, ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, na wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, mchana hufika nyuzi 32 au 33 huku hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Friji ya amonia inakuwa imefika ukingoni mwa uwezo wake. Mapezi yake yanajaribu kupoa kwa hewa ambayo yenyewe ni ya moto, na kila mwanya wa kimia unahitajika. Ukifunga vifuniko hapo, hewa haipiti vya kutosha, amonia haigeuki kuwa kioevu inavyopaswa, na ndani ya friji joto linapanda taratibu wakati kichomeo kinaendelea kula gesi. Niliwahi kuitwa na jamaa mmoja wa Nungwi anayekodisha gari lake kwa wageni, akilalamika kwamba friji imekufa na kwamba fundi amemwambia mabomba yameziba. Gari lilikuwa limeegeshwa ubavu wa friji ukiwa umeelekea magharibi, jua la alasiri likipiga papo hapo, na vifuniko vyote viwili vilikuwa mahali pake, vimefungwa barabara tangu liliporudi kutoka Arusha. Tulivitoa, tukaligeuza gari ubavu huo ukae kivulini, na kesho yake asubuhi barafu ilikuwa imeshika. Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu kwamba vile vipande si sehemu ya kudumu ya gari.

Kwa hiyo anayetembeza gari lake hapa hapa kisiwani, kati ya Mjini, Jambiani, Makunduchi na Nungwi, au anayevuka nalo kwenda Pemba, sishauri ajisumbue kuagiza vifuniko. Kinachomfaa ni kinyume chake: kuzidisha hewa. Feni ndogo za volti 12, za aina ya zile zinazopoza kompyuta, zikifungwa ndani ya tundu la juu zikisukuma hewa nje, husaidia sana. Na kuegesha kwenye kivuli cha mwembe husaidia bila ya gharama yoyote.

Mambo yanabadilika ukishapanda Kitonga. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi joto ni la kawaida, na bonde la Ruaha Mbuyuni hata katika mwezi wa Julai linaunguza. Lakini ukimaliza kona za mlima ule na kutokea Iringa, jioni unatafuta sweta, na ukifika Makambako na kukunja kuelekea Njombe, unatafuta blanketi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makete iko juu zaidi, na uwanda wa Kitulo, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, uko karibu mita 2,600, ambako katika miezi ya Juni na Julai majani huamka yakiwa meupe kwa barafu ya umande. Kwa Mzanzibari aliyezaliwa na kukulia kwenye joto la pwani, baridi ile ni kitu cha kusimulia. Kwa friji yake ni tatizo la kiufundi.

Tatizo lenyewe ni kwamba hewa inayoingia kwa tundu la chini sasa ni baridi mno na mara nyingi inakuja na upepo. Hupoza mapezi, jambo ambalo peke yake si baya, lakini hupoza pia kichemshio, pale ambapo panatakiwa pawe na moto wa kutosha kuitoa amonia kwenye maji. Amonia ikitoka kidogo, ubaridi unaotengenezwa ndani ni kidogo. Mtu anashangaa: nje ni nyuzi 5, naye anaona sehemu ya barafu imelegea na nyama inaanza kutoa maji. Wenye friji zenye kidhibiti cha zamani wanakutana na shida ya upande mwingine: moto wa gesi unawaka kwa kiasi kile kile usiku kucha, nje kuna baridi, na asubuhi mchicha na nyanya zilizo karibu na mapezi ya ndani zimeganda na haziliki tena. Juu ya hayo, upepo ukipiga moja kwa moja kwenye kimia, unauzima moto wa kichomeo. Friji za sasa hujiwasha tena zenyewe kwa cheche, na utasikia mlio wake wa tik-tik-tik nyuma ya ukuta, zinajaribu, moto unashika, unazimika, zinajaribu tena, mpaka zinakata tamaa na kuwasha taa nyekundu.

Vitabu vya watengenezaji kwa kawaida hutaja kiwango kilicho karibu na nyuzi 8 hadi 10 kuwa ndicho cha kuanza kufunga vifuniko. Kwa uzoefu wangu kiwango hicho ni sahihi, na mtu asivifunge mapema kwa sababu tu yeye mwenyewe anasikia baridi. Sisi watu wa pwani tunaanza kutetemeka kwenye nyuzi 16, ambazo kwa friji ni hali nzuri kabisa. Ninabeba kipimajoto cha bei ndogo ninachokining'iniza nje chini ya kioo cha pembeni, na ninakisoma baada ya sala ya isha. Kikiwa chini ya 10 na kinaendelea kushuka, ninafunga.

Usiku mmoja Njombe, nje kipimajoto kikiwa kwenye 6 na upepo wa kusi ukivuma kutoka upande wa friji, moto ulikuwa umezimika mara kadhaa kabla ya saa tatu usiku. Nilifunga kifuniko cha chini, nikasubiri, nikaona moto umetulia. Nikafunga na cha juu, kile chenye uwazi wa kutolea moshi, na ule mlio wa cheche haukusikika tena. Asubuhi ndani ya friji palikuwa na nyuzi 4, maziwa hayakuganda, na samaki niliowabeba kutoka soko la Darajani walikuwa wagumu kama nilivyowaacha. Jambo la pili ambalo sikulitarajia lilikuwa ndani ya gari: ule ubaridi uliokuwa ukipenya chini ya jiko na kuzunguka miguuni ulipungua. Nyuma ya friji panapaswa kuzibwa vizuri ili hewa ya nje isiingie chumbani, lakini katika magari yaliyotumika miaka mingi kizibo hicho hulegea, na vifuniko vikapunguza athari yake. Hiyo haimaanishi kizibo kiachwe bila ya kutengenezwa, kwa sababu hewa inayopenya hapo inaweza kubeba moshi wa kichomeo.

Kuhusu bidhaa yenyewe, niseme nilichokiona. Vifuniko vya kiwandani nilivyonavyo ni vya plastiki nyeupe, vyepesi, unene wake si wa kutisha, na kila kimoja kina vishikizo viwili vya kuzungusha robo duara vinavyoingia kwenye mianya ya kimia. Kufunga ni kazi ya muda mfupi. Huhitaji bisibisi wala ngazi, isipokuwa tundu la juu likiwa juu sana. Kifuniko cha chini kimeziba sehemu kubwa lakini si yote, na cha juu kina uwazi uliokatwa makusudi mbele ya bomba la moshi. Kazi yake ni ile ya kioo cha chemli: kinaukinga moto na upepo, lakini juu kimeachwa wazi, na hakuna mwenye akili anayeweka kifuniko juu ya kioo cha chemli.

Udhaifu wake uko kwenye vishikizo. Plastiki ile imetengenezwa kwa jua la Ulaya. Gari likikaa juani Unguja miezi mingi huku vifuniko vikiwa vimehifadhiwa kwenye kioo cha mbele au juu ya paa, vinageuka rangi ya samli na vishikizo vinakuwa vikavu; kwenye baridi ya Makete ukavizungusha kwa nguvu, vinakatika. Kimoja changu kimekatika hivyo hivyo, na sasa kifuniko kinashikwa na kishikizo kimoja na kamba nyembamba niliyoipitisha kwenye mwanya. Ninapenda kuvihifadhi ndani ya mfuko wa kitambaa chini ya godoro, mbali na jua, na kupaka mafuta kidogo ya silikoni kwenye vishikizo kabla ya safari. Kasoro ya pili ni kelele. Barabarani, mwendo ukizidi kilomita 80 kwa saa, kifuniko kisichokaa sawasawa kinapiga kelele na kinaweza kung'oka. Kwa sababu hiyo, mimi huvitoa kabla ya kuondoka kila ninapoona jua limepanda na baridi imevunjika.

Kabla ya kupata hivi vya kiwandani niliagiza jozi nyingine kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyedai kwamba vyake vinakaa kwenye kila friji. Havikukaa. Vilikuwa vifupi kwa upana wa kidole, na kibaya zaidi, cha juu kilikuwa kimezibwa chote, bila ya uwazi wowote wa moshi. Nilivirudisha, na nauli ya kuvirudisha ikanitoka mfukoni. Ninayataja haya kwa sababu jozi za namna ile bado zinauzwa kwa bei ya kuvutia, na kasoro ile ya pili ni ya hatari ya maisha.

Hapa nataka nikae kidogo. Kichomeo kinachowaka bila ya hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo mtu aliyelala hawezi kuitambua mpaka imemmaliza nguvu. Ndiyo hiyo hiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na kwa bahati mbaya katika mikoa ya baridi ya nchi yetu misiba hiyo inajulikana. Tundu la chini nalo lina kazi nyingine isiyoonekana: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka, na kupitia tundu lile hutoka nje badala ya kukusanyika sakafuni. Kwa sababu hizo mbili, ninapoona mtu ameziba matundu kwa kipande cha boksi, kwa utepe wa gundi, au kwa kanga iliyokunjwa, huwa sisiti kumgongea mlango na kumwomba aitoe, hata kama simjui. Akiwa anatumia umeme wa kambi wa volti 230 na mtungi umefungwa, hatari ya moshi haipo. Lakini akiwa kwenye gesi, kifuniko kiwe cha kiwandani, kiwe cha friji ile ile, na uwazi wake uachwe kama ulivyo. Kengele ndogo ya kutambua kaboni monoksidi, inayotumia betri, inapaswa kuwemo ndani ya kila gari la kulalia lenye gesi, na mimi nisingelikodisha gari langu kwa mtu bila ya kengele hiyo.

Kuna lawama ambazo vifuniko hubebeshwa bila ya haki. Ya kwanza ni ya mwinuko. Kuanzia takriban mita 1,500 kwenda juu, hewa inakuwa nyembamba na kichomeo cha friji hizi huanza kusumbua: moto unakuwa wa manjano, unatoa masizi, au unazimika. Njombe, Makete na Kitulo zote zimepita kiwango hicho. Vifuniko vinazuia upepo, havirudishi hewa iliyopungua. Moto wako ukizimika usiku usio na upepo ukiwa Kitulo, sababu si vifuniko wala ukosefu wake. Hamia kwenye umeme wa volti 230 ukiupata, na kama hupati, tumia wa gari wakati injini inawaka. Ya pili ni ya gesi yenyewe. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi sifuri, kwa hiyo mtungi uliojaa unaweza kuonekana mtupu alfajiri ya baridi kali. Jiko nalo likiwaka kwa unyonge asubuhi hiyo hiyo, ujue tatizo liko mtungini. Na ya tatu ni ya kuegesha gari upande. Friji ya amonia inataka gari likae sawa, kwa sababu vimiminika ndani ya mabomba hutiririka kwa uzito wake tu. Kwenye miteremko ya milima ya Uporoto, mkoani Mbeya, mtu anaweza kufunga vifuniko, kuwasha gesi, na bado asipate ubaridi kwa sababu tairi za upande mmoja ziko juu kuliko za upande wa pili.

Kuna matumizi ya pwani ambayo watengenezaji wala hawayataji sana, na ambayo kwangu yameongeza thamani ya vifuniko hivi. La kwanza ni kwenye chombo. Gari linapovushwa kati ya Dar es Salaam na bandari ya Malindi hapa Unguja, gesi hufungwa na injini huzimwa, na friji ya volti 12 haiwezi kuachwa kwenye betri kwa sababu inakula zaidi ya ampea 10 na inaweza kuimaliza njiani. Friji inakuwa imezimwa kwa saa kadhaa, na mlango wake ukiachwa umefungwa chakula hakiharibiki. Wakati huo huo, kusi likiwa na nguvu, manyunyu ya maji ya chumvi yanafika kwenye magari, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa kichomeo na wa mabomba ya chuma. Kabla ya gari kuingia chomboni ninafunga vifuniko vyote viwili, na baada ya kutoka bandarini ninavitoa kabla sijawasha gesi. Tangu nianze kufanya hivyo, kutu iliyokuwa ikianza kwenye sahani ya kichomeo imeacha kuendelea.

La pili ni nyigu. Gari likilala wiki kadhaa bila ya kutumika, nyigu wanaojenga kwa udongo huingia kwenye mianya ya kimia na kujenga ndani ya bomba la moshi au mdomoni mwa kichomeo, na buibui hutanda utando kwenye tundu dogo linalopitisha gesi. Moto unaotokana na kichomeo kilichozibwa hivyo huwa dhaifu na wenye masizi. Vifuniko vikifungwa wakati gari limelala na friji imezimwa, hupunguza wageni hao, ijapokuwa wavu mwembamba wa chuma nyuma ya kimia hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na hauhitaji kuondolewa. Wakati wa masika, mvua ya upepo inayopiga ubavu wa gari pia huzuilika. Lakini katika matumizi haya yote friji iwe imezimwa. Ili nisisahau, ninaifunga funguo ya mtungi wa gesi kwa utepe mwekundu kila ninapofunga vifuniko nikiwa pwani, na utepe ule siufungui mpaka vifuniko viwe vimo ndani ya mfuko wake.

Kwa upande wa upatikanaji, sijakuta duka lolote Unguja linaloviweka. Nilivipata kwa kuagiza Uingereza kupitia jamaa aliyekuwa akileta mizigo mingine, na bei ya jozi, pamoja na usafirishaji, ilizidi gharama ya kujaza mtungi wa kilo 15. Kabla ya kuagiza, fungua mlango wa friji na utafute kibandiko chenye namba ya modeli, kwa kawaida kiko ukutani kwa ndani upande mmoja. Kisha nenda nje upime kimia kwa rula, urefu na upana, na utazame kama kimeandikwa namba kwenye ukingo wake. Mtumie muuzaji vyote viwili, namba ya friji na namba ya kimia, kwa sababu magari yaliyotumika mara nyingi yamebadilishiwa kimoja na kubakishiwa kingine. Muulize pia kama anauza vishikizo peke yake. Mimi nilipouliza nikaambiwa vinauzwa, na jozi mbili za akiba ziko njiani. Nimeagiza na kimia kipya cha chini, kwa kuwa kile cha zamani kimeanza kupasuka kwenye pembe.